Mwalimu wa yoga, si lazima umfikie kila mtu

Nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu aliyetoka kuhitimu juzi, kwamba mwalimu mzuri hatulii: anazunguka darasa zima na kumgusa kila mtu ili amrekebishe pozi. Hapana! Darasa likijaa, mwalimu anayepenyapenya kama kondakta wa daladala huwavurugia pumzi watu wengi kuliko anaowasaidia.

Mkeka wa kawaida una upana wa sentimita 61 hivi na urefu wa 173. Mikeka ikipangwa kwa kuachiana kiganja kimoja, njia hakuna, kuna upenyo wa mguu mmoja tu. Na upenyo huo wenyewe unahama kila pozi linapobadilika, jambo ambalo wengi hawaliangalii kabisa. Kwenye salamu kwa jua, ule mfululizo wa pozi za kuinuka na kuinama, mikono hushuka kwa pembeni, kwa hiyo katikati ya mkeka na mkeka panazibika. Wakiingia pozi la shujaa wa pili, mikono inanyooka kufuata urefu wa mkeka: sasa pembeni panapitika, mbele na nyuma hapapitiki. Wakiwa uttanasana, yaani wamesimama na kuinama mbele, wanajiandaa kuruka nyuma waingie chaturanga, mwili umenyooka karibu na sakafu juu ya mikono iliyokunjwa, usikae nyuma ya mtu hata kidogo. Visigino vinakuja kwa kasi na mwenyewe hakuoni. Tulia ulipo, subiri zile pumzi tano za pozi la mbwa anayetazama chini, kisha pita.

Upite sakafuni, lakini. Mkeka wa mtu haukanyagwi, maana ndipo anapoweka paji la uso. Na aliyelala harukwi, hata ukiwa na haraka namna gani. Zunguka.

Nikisema haya huletewa hoja ya Mysore: mbona K. Pattabhi Jois, mwalimu wa yoga ya Ashtanga katika mji huo wa India, aliwarekebisha watu kwa mikono? Kwa mtindo wa Mysore kila mwanafunzi hufanya mfululizo aliokwisha kuukariri, kwa mwendo wake, ndiyo maana mwalimu ana nafasi ya kushughulika na mmoja. Wewe unaongoza kwa kuhesabu. Ukimshika mmoja nyonga, waliobaki wote wamening'inia kwenye chaturanga, mabega yanatetemeka, wanangoja sauti yako. Halafu tusisahau kwamba baada ya Jois kufariki mwaka 2009, wanawake kadhaa walijitokeza kueleza kuwa aliwashika isivyostahili kwa jina la kuwarekebisha. Anayemtaja kama kigezo cha kugusa aitaje na habari hiyo.

Ruhusa, basi. Wengi wetu huwaambia watu wakiwa pozi la mtoto, macho yamefumbwa: asiyetaka kuguswa ainue mkono. Utaratibu huu nina mashaka nao. Mgeni aliyebanwa katikati ya watu hunyamaza kwa aibu, nasi tunakihesabu kimya chake kuwa ndiyo. Mimi huomba kinyume chake: anayetaka ndiye ageuze viganja juu. Hata hapo, yupo anayegeuza kwa kuogopa kuonekana mkaidi, na sijapata njia ya kumtambua. Kwa hiyo kwanza natumia mdomo: "goti lielekee kidole cha pili." Mara nyingi hilo linatosha, na wa mstari wa nyuma nao wanajirekebisha.

Mashuka na mito vigawe kabla ya shavasana, pumziko la mwisho la kulala chali. Ikishaanza, kaa chini. Sakafu ya mbao hupeleka kishindo cha nyayo hadi kwenye kisogo cha aliyelala. Ukilazimika kwenda kufunga dirisha, ambaa na ukuta, upande wa miguu yao.