Figo ya mtu ndani ya nguruwe: imefikia wapi?

Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine huniuliza: kama figo ya binadamu imeshaota ndani ya nguruwe, sisi tunasubiri nini? Niseme wazi kwamba figo ya kupandikiza bado haijapatikana. Kilichopatikana ni chipukizi lake.

Septemba 2023, watafiti wa Guangzhou, China, walieleza walivyolipata. Walichukua viinitete vya nguruwe, yaani mimba changa kabisa, wakazima jeni mbili, SIX1 na SALL1, ambazo figo haiumbiki bila hizo. Kisha wakaingiza seli shina za binadamu, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka ngozi, damu au mfupa. Zilipokuta mahali pa figo hapana mwenyewe, zikapashika. Katika figo hizo changa, zaidi ya nusu ya seli zilikuwa za mtu. Lakini ilikuwa ile figo ya muda, ambayo mtoto aliye tumboni huipata kabla ya figo yake ya kudumu.

Tena kwa taabu. Viinitete 1,820 viliwekwa kwa nguruwe majike 13. Vilivyochunguzwa mwishoni vilikuwa 5, vya siku 25 hadi 28. Seli za nguruwe ziko kwao, na seli ngeni zikisuasua huzidiwa zikafa. Hata hizo zilizoshika zilikuwa zimeongezewa jeni za kuzikinga na kifo.

Wanyama wa jamii moja huelewana zaidi. Mwaka 2017, timu ya mtafiti Mjapani Hiromitsu Nakauchi ilikuza kongosho la panya wa aina ndogo ndani ya panya wa aina kubwa, ikapandikiza vishada vya seli zake za insulini kwa panya wa aina hiyo ndogo wenye kisukari. Sukari yao ilitulia zaidi ya mwaka, na dawa za kushusha kinga walipewa siku za mwanzo tu.

Msichanganye hili na figo aliyopandikizwa mgonjwa Boston, Marekani, Machi 2024. Ile ilikuwa ya nguruwe mwenyewe, iliyorekebishwa jeni.

Hata figo ya Guangzhou ingekomaa, mishipa yake ya damu ingekuwa ya nguruwe, na kinga ya mgonjwa ingeishambulia. Linalonisumbua zaidi ni jingine: seli chache za binadamu zilionekana kwenye ubongo na uti wa mgongo wa viinitete vile. Kabla ya kumwacha nguruwe wa namna hiyo azaliwe, ningetaka kwanza zizuiwe zisifike huko.