Kwa nini bado tunajenga kwa Laravel

Vijana wanaotujia fildi hapa Njiro, Arusha, tunakotengeneza tovuti, huuliza swali lilelile, wengine kwa adabu, wengine kwa kejeli: ikiwa Phoenix inaizidi Laravel, mbona bado mmeng'ang'ania Laravel?

Zote mbili ni fremuweki, yaani viunzi vya msimbo vya kujengea tovuti. Kuzidi, inazidi kweli. Phoenix imeandikwa kwa lugha ya Elixir, na Elixir hutembea juu ya mashine pepe (programu ya kuendeshea msimbo) ya Erlang, lugha iliyozaliwa kampuni ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Humo kila muunganisho hupewa mchakato wake mdogo. Mmoja ukianguka, mingine haina habari. Mwaka 2015 waundaji wa Phoenix walionyesha seva moja ikibeba miunganisho milioni 2 kwa wakati mmoja. Seva nene, sawa, ya kumbukumbu ya GB 128, lakini moja. PHP, lugha ya Laravel, kwa mpangilio wake wa kawaida, huamka ombi likifika, hujibu, kisha husahau kila kitu.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mteja wetu wa kawaida ni kampuni ya utalii: kurasa za safari za Serengeti na Ngorongoro, fomu ya kuulizia bei, na sehemu ya ofisi kuona nani kalipa dipoziti. Hata Julai, watu mia wakiingia kwenye tovuti kwa dakika moja, meneja atanunulia ofisi nzima soda. Kinachochelewesha tovuti hizi ni picha ya simba ya MB 6, iliyopandishwa vilevile ilivyotoka kwenye kamera. Hakuna fremuweki inayotibu hilo.

Halafu kuna jambo ambalo majaribio ya kasi hayaligusi: itakaa wapi? Mteja tayari kalipia hostingi ya bei nafuu, yenye cPanel, paneli ya kuendeshea tovuti kwa kivinjari, na humo PHP na hifadhidata ya MySQL vipo tayari. Napakia mafaili, najaza nywila ya hifadhidata kwenye .env, faili la mipangilio, naelekeza kikoa kwenye folda ya public, basi. Phoenix inataka programu inayokesha, na hostingi nyingi za aina hiyo haziruhusu. Ukodi seva yako, na kuanzia siku hiyo masasisho, cheti cha usalama na nakala rudufu ni mzigo wako. Nani atalipia mtu wa kuangalia hayo wakati wa masika, loji nyingine zimefungwa na wageni hakuna?

Na watu. Msanidi akipata kazi Dar, na atapata tu, nahitaji wa kushika msimbo wake upesi. Wa Laravel natuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, napata wa kuchagua. Wa Elixir ninayemjua analipwa dola na watu wa nje. Madereva hunielewa haraka kuliko vijana wa fildi: Land Cruiser haikutawala mbugani kwa ulaini wa viti, bali kwa spea na mafundi.

Ila hoja hii isivutwe mpaka ikatike. React, maktaba ya JavaScript iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, naikuta kwenye tovuti za kurasa tano zisizo na cha kubofya zaidi ya namba ya simu. Mgeni mwenye mtandao wa kusuasua asubiri JavaScript ishuke ndipo asome anwani! HTML tupu ingetosha.

Phoenix ningeichukua kwa mfumo wa kufuatilia magari porini, ofisi ikiona kila gari likisogea kwenye ramani. Mteja wa hivyo akija, akakubali kulipia watu wawili wanaoijua, si mmoja, tutaanza Jumatatu.