Damu ya mtu mwingine hukaa mwilini mpaka lini?

Mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Tukuyu, alinisimamisha koridoni akaniita daktari, ingawa mimi ni mtu wa maabara ya damu. Kijana wake alikuwa ameanguka na bodaboda kwenye mteremko wa Mlima Nyoka. Paja lilivunjika, bandama ikapasuka, akaongezewa chupa sita usiku ule ule. Nilipomwamkia hata hakuitikia vizuri, alikuwa na lake. "Mwanangu, hiyo damu ya watu itamtoka lini? Au ndiyo wameshakuwa ndugu?"

Jibu tulilozoea ni kwamba itaisha yenyewe. Si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo tamu.

Ukichukua damu kwenye kichupa cha kioo ukaizungusha kwenye mashine, inajitenga. Chini hukaa nyekundu nzito, juu majimaji ya njano kama mafuta ya alizeti. Katikati yake kuna utando mweupe mwembamba, mfano wa ule wa maziwa yaliyochemka, ambao asiyeelekezwa hauoni. Ile nyekundu ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni, na ndiyo iliyomwokoa kijana. Chembe zake huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na uboho wa mwenye mwili, ule ulio ndani ya mifupa, unakuwa umeshatengeneza nyingine. Kwa hiyo baada ya miezi minne nyekundu ya watu haipo tena.

Kisa chenyewe kiko kwenye ule utando. Humo mna chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, nazo zina vinasaba kamili vya aliyechangia. Mtu akiongezewa damu kwa upasuaji uliopangwa, askari wake mwenyewe huwatambua wageni hao, na kwa kawaida wiki mbili zikipita wamekwisha. Kwa majeruhi mahututi mambo huwa tofauti. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majeruhi waliokuwa bado na chembe nyeupe za wachangiaji hadi mwaka mmoja na nusu baada ya ajali. Tafiti zilizofuata zilikuta hali hiyo ikidumu kwa takriban mmoja kati ya kila majeruhi kumi walioongezewa damu, na wengine wamekaa nazo miaka mingi. Wataalamu huiita maikrokimera.

Mwanzoni ilikuwa rahisi kuigundua kwa wanawake. Mwanamke hana kromosomu Y, ile ya vinasaba vya kiume, basi ukiikuta kwenye damu yake baada ya kuongezewa damu ya mwanaume, una pa kuanzia. Lakini hapo lazima umuulize kwanza kama amewahi kubeba mimba ya mtoto wa kiume, maana chembe za mtoto nazo hubaki kwa mama. Kuna akina mama waliokutwa nazo miaka 27 baada ya kujifungua. Wanaosema mtoto hatoki kabisa kwa mama yake hawako mbali na maabara.

Kwa nini majeruhi? Mwili uliovunjikavunjika na kumwaga damu nyingi hulegeza kinga yake kwa muda. Mlinzi amesinzia, wageni wanaingia kwa wingi, na mmoja anapata pa kulala. Nasema mmoja kwa makusudi. Hata aliyeongezewa chupa nyingi, mara nyingi chembe zinazodumu hutokana na mchangiaji mmoja tu, na kwa baadhi ya watu hufika karibu asilimia 5 ya chembe nyeupe zote. Tena hukutwa za aina kadhaa, dalili kwamba huenda chembe mbegu ya mchangiaji, ile inayozaa nyingine, imeota kwenye uboho. Kuichuja damu ili kupunguza chembe nyeupe kuna faida zake, lakini hakukuzuia jambo hili.

Hadi sasa hakuna ugonjwa uliothibitishwa kuletwa na wageni hawa watulivu. Kundi la damu halibadiliki, tabia haibadiliki, na mtoto utakayezaa hatafanana na mchangiaji.

Wapo wageni wasio watulivu, ingawa ni nadra sana, na hatari yao huwa kubwa zaidi kwa damu ya ndugu wa karibu. Chembe za mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja zinaweza kufanana na za mgonjwa kiasi kwamba mwili wake haushtuki. Zenyewe sasa zinamwona mwenyeji ndiye mgeni, zinaishambulia ngozi, utumbo, ini, hata uboho. Wengi wanaopatwa na hali hiyo hufariki. Kinga yake ni kuipiga damu mionzi kabla ya kuitundika.

Kaka watatu wa yule kijana walikuwa kwenye benchi nje, mikono ya mashati imeshakunjwa, kila mmoja anataka damu yake iende kwa mdogo wao na si kwa mwingine. Ni upendo, naujua. Nikawaambia wachangie, tena waende leo leo, lakini damu iingie benki impate yeyote, na mdogo wao apewe iliyopo inayomfaa. Aliyepewa damu ya ndugu jana asianze kuogopa. Akiona homa, upele na kuharisha siku au wiki chache baadaye, arudi hospitali na aseme wazi kwamba aliongezewa damu na ilitoka kwa nani. Na damu ikihitajika kuokoa roho sasa hivi, asiikatae kwa sababu ya makala haya.

Mama alisikiliza yote. Zamani watu walichanjiana damu ili wawe ndugu, akanikumbusha, na walijuana majina.

"Sasa huyu mmoja aliyebaki, kama amebaki, ni nani?"

"Mfuko una namba tu, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi mwambie huyo mwenye namba, ndaga."

Nikasema nitamfikishia asante yake.