Mshindi Kapangwa, Kelele za Nini?

Aliyepitia kibanda umiza siku ya mieleka anaujua ubishi huu. Mwanamieleka Undertaker anaingia, taa zimezimwa, kengele inagonga, watu kimya. Halafu kijana mmoja kwenye benchi la nyuma anasema, "Haya si maigizo tu?" Hapo kibanda hakikaliki.

Kijana yule hakukosea. Mwaka 1989 kampuni ambayo leo inaitwa WWE ilikiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey, Marekani, kwamba mieleka yake ni burudani. Haikutaka kusimamiwa kama ndondi. Kwa hiyo mshindi hupangwa, na mashabiki wanaolipa kiingilio wanalijua hilo. Sasa mbona wanapiga kelele hadi sauti zinakauka?

Ni kwa sababu kinachopangwa hasa ni mwisho. Wapiganaji hukubaliana nani atashinda, pamoja na matukio machache makubwa. Mengi yaliyobaki huambiana kwa minong'ono wakiwa wamekabana, huku refa akipokea maelekezo ya muda kupitia kifaa cha sikioni. Muda wote huo wanasikiliza watu. Uwanja ukipoa, wanaharakisha. Uwanja ukilipuka, wanatulia, wanaliacha tukio liwaingie watu. Ni kama hadithi zetu za jioni: msimulizi akisema "Paukwa" asijibiwe "Pakawa", hana pa kuanzia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Toronto, Kanada, tarehe 17 Machi 2002, katika WrestleMania ya 18, onyesho kubwa la kila mwaka la WWE. Zaidi ya watu 68,000 walijaa uwanja wa SkyDome kuwatazama The Rock na Hulk Hogan. Kwa mujibu wa hadithi, The Rock ndiye staringi na Hogan ndiye adui. Wiki chache kabla, Hogan na wenzake walikuwa wamempiga The Rock, wakamtia kwenye gari la wagonjwa, kisha wakaligonga gari hilo kwa lori. Huwezi kuwa adui kuliko hapo.

Lakini watu wa Toronto hawakukubali. Wengi wao walikuwa wamekua wakimtazama Hogan, na katika uwanja huohuo, mwaka 1990, alipoteza mkanda wake wa ubingwa kwa Ultimate Warrior. Basi alipomsukuma The Rock mara ya kwanza, uwanja ukavuma kwa furaha. The Rock alipojibu, akazomewa. Ukiitazama video ya pambano lile utawaona wote wawili wakisita kidogo, wakigeuza macho kuelekea kwa mashabiki. Kisha wakageuka kulingana na watu: Hogan akazirudia mbwembwe zake za zamani za shujaa, The Rock akaanza kupigana kwa ukali wa adui. The Rock alishinda kama ilivyopangwa, ila wakapeana mikono, na usiku ule Hogan akaacha kuwa adui. Mwezi uliofuata alitwaa mkanda. Lile la Toronto halikuandikwa mezani na mtu yeyote. Waliliandika mashabiki kwa makoo yao.

Wakati mwingine huibadili hata mipango ya miezi. Januari 2014 mashabiki wa Pittsburgh waligundua kwamba Daniel Bryan, kipenzi chao, hayumo kabisa kwenye mechi ya Royal Rumble, ile ya wanamieleka 30 wanaotupana nje ya ulingo hadi abaki mmoja, wakaizomea mpaka mwisho. Uzomeaji ukaendelea miji mingine. Aprili, kule New Orleans, Bryan aliingizwa kwenye pambano kuu na akatoka na mkanda. Usiku huohuo Undertaker alipoteza kwa mara ya kwanza katika WrestleMania, baada ya ushindi wa mara 21, na uwanja ukanyamaza kama msibani. Kimya kile nacho kilikuwa sauti.

Kwa anayekaa karibu na ulingo kuna jambo jingine ambalo runinga hailileti vizuri, nalo ni kishindo. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa godoro jembamba na turubai. Mtu wa kilo 120 akiangushwa pale, mgongo wake unaumia kweli, hata kama anayemwangusha ni rafiki yake.

Nchini Meksiko mambo huenda mbali zaidi. Katika Arena México, iliyofunguliwa mwaka 1956 jijini Mexico City, mashabiki hugawanyika waziwazi kati ya técnicos, ambao ndio mastaringi, na rudos, maadui. Pambano likiwakuna sana, wanarusha sarafu na noti ulingoni. Mpenzi wa taarab ataelewa upesi: wanatunza.

Asiyeamini uzito wa mashabiki aikumbuke Aprili 2020. Kwa sababu ya korona, WrestleMania ya 36 iliyoonyeshwa mwezi huo ilikuwa imerekodiwa, karibu yote, ndani ya ukumbi wa mazoezi kule Orlando bila mtazamaji hata mmoja. Mbinu zilikuwa zilezile na wapiganaji walewale, lakini mtu anaruka kutoka kwenye kamba na unachosikia ni pumzi na viatu. Ilinihuzunisha kutazama. Agosti mwaka huo WWE ilizungusha skrini zenye nyuso za mashabiki waliokuwa majumbani kwao na kuongeza kelele za kurekodiwa. Ilisaidia kidogo, ila kelele za kurekodiwa haziwezi kumkataa staringi.

Watu wa kweli walirudi tarehe 10 Aprili 2021, uwanja wa wazi wa Tampa, Florida, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Kabla ya pambano lolote, wanamieleka walitoka wakasimama pamoja jukwaani, wakiwatazama tu waliorudi. Kisha mvua ya radi ikachelewesha onyesho. Mashabiki wakajibanza chini ya majukwaa, na mvua ilipopungua wakarudi vitini.