Dawa ya maji, dawa ya mwili: tunayoyaamini vibaya hapa Kigoma

Asubuhi pale Kibirizi, mitumbwi ikishusha dagaa, mama anachota ndoo ya maji ya ziwa, anatia kidonge cha dawa ya maji, anakoroga, kisha anamjazia mtoto kikombe papo hapo. Nikiona hivyo moyo hunienda mbio.

"Dawa ikishaingia, maji yako tayari."

Bado. Klorini iliyomo kwenye kidonge ikiyeyuka hutoa asidi ya hipoklorasi, na hiyo ndiyo inayopenya ndani ya bakteria na kumharibu. Kazi hiyo inataka muda, na maji yetu yanataka muda zaidi. Ziwa Tanganyika lina magadi kiasi kwamba pH yake, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, inakaribia 9. Katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya asidi ile hugeuka kuwa ioni (chembe zenye chaji) za hipokloraiti, ambazo huua vijidudu taratibu sana. Ile nusu saa inayotajwa na Shirika la Afya Duniani ni ya maji ambayo pH yake iko chini ya 8. Kwa hiyo, dada yangu unayechota ziwani, funika ndoo uiache saa nzima au zaidi. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, maana uchafu huila klorini kabla haijawafikia vijidudu.

"Harufu ile ya dawa ya maji ni sumu, tena inaleta ugumba."

Nimeusikia uvumi huu Ujiji na Mwanga. Hakuna ushahidi kwamba klorini ya maji ya kunywa inamfanya mtu kuwa mgumba. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 5 kwa lita, na ndoo iliyotiwa dawa kwa kipimo sahihi huwa chini ya hapo. Harufu kidogo inayobaki ndiyo inayoilinda ndoo mtoto anapochovya kikombe kwa mkono mchafu.

"Maji maangavu ni maji salama."

Weka shabu kidogo kwenye glasi ya maji ya tope, koroga, uangalie. Chembe za udongo zina chaji hasi, hivyo husukumana na kuelea. Alumini iliyomo kwenye shabu ina chaji chanya. Inazishikanisha ziwe mabonge, nayo yanazama. Protini ya mbegu za mlonge hufanya kazi hiyohiyo. Vijidudu vingi huzama na tope, lakini si vyote, na kimelea cha kipindupindu hakionekani kwa jicho. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana ufukweni Kagunga, maelfu waliugua. Baada ya shabu, klorini au moto bado unahitajika.

"Dawa ya miti haina kemikali."

Kwinini ilitolewa kwenye gome la mti mwaka 1820. Kilichomo mtini ni kemikali vilevile. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kinachojulikana.

"Dawa ukishaimeza, imekwisha."

Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria mwilini, kwa mfano: karibu nusu yake hutoka na mkojo ikiwa vilevile ilivyomezwa. Amoksilini, dawa nyingine ya bakteria, nayo hutoka kwa wingi, ila pete ya molekuli yake hukatika upesi ikikaa majini. Siprofloksasini haikatiki kirahisi. Hung'ang'ania tope la majitaka na kukaa humo muda mrefu. Kiasi chake ni kidogo mno kumdhuru anayekunywa maji, lakini bakteria wanaoishi nayo siku baada ya siku huzoea, na usugu huo wanapeana wao kwa wao.

Mabwawa ya majitaka, yenye jua na mwani, hupunguza sana vijidudu na harufu, lakini hayakujengwa kwa ajili ya kuondoa dawa. Mkaa uliotengenezwa maalumu na gesi ya ozoni huziondoa vizuri, ila gharama yake ni kubwa. Ndiyo maana vidonge vilivyobaki nyumbani visitupwe chooni. Mpelekee mfamasia, umuulize namna ya kuviteketeza.