Hadhi ya eliti hotelini ni nyongeza tu, sasa je inafaa kuikimbilia?

Ukienda soko la Nakasero hapa Kampala ukanunua fungu la nyanya, kabla hujaondoka unamwambia nyabo (yani mama), nyongeza, naye anaokota tunyanya tuwili anakutupia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, mnaachana mkicheka. Ukirudi wiki ijayo na ijayo tena, ushakuwa kastoma wake, nyongeza inaongezeka hata bila kuomba na anakufichia zile nzuri za chini. Basi hadhi ya eliti hotelini, yani cheo wanachompa mgeni anayelala kwao mara kwa mara, ni hiyo hiyo nyongeza, isipokuwa wao wameiandika kwenye kompyuta, wakaipa majina ya madini na kukuwekea hesabu ya siku ngapi ndo uwe nani.

Naandika hii kwa sababu shemeji yangu alinipigia mwezi wa kumi na moja akiwa na wasiwasi kama mtu wa mtihani. Yeye kazi yake ni ya kuzunguka, Kampala, Nairobi, Kigali, sa ingine Dar, na akaunti yake ya uanachama kwenye hoteli za Marriott ilikuwa inasema mwaka huo kashalala usiku 41, akifika 50 anakuwa Platinum, moja ya ngazi zao za hadhi. Shemeji, anasema, nilipie hizo tisa zilizobaki au niache? Nikamwuliza hiyo Platinum inakupa nini, akanyamaza kidogo halafu akasema, inapendeza.

Sasa tuanze hapo, maana wengi wanachanganya vitu viwili, pointi na hadhi. Pointi ni kama pesa, unazikusanya, unazitumia kulipia chumba, zinaisha. Hadhi ni kama cheo, huwezi kuikatia chumba, huwezi kumtumia mtu, inakaa kwenye jina lako kwa muda halafu inaondoka, na inachofanya ni kubadilisha jinsi unavyopokelewa ukifika risepsheni. Na kwa kawaida cheo hicho kinahesabiwa kwa usiku uliolala, sio kwa ukubwa wa mfuko wako.

Wazo lenyewe hoteli walilitoa kwa mashirika ya ndege. American Airlines walianzisha mpango wao wa wasafiri wa mara kwa mara mwaka 1981, na 1983 Holiday Inn na Marriott wakafuata na wa hoteli. Marriott mwaka 2016 wakainunua Starwood, wenye Sheraton, na 2019 mipango yote ikaitwa Bonvoy. Mi natumia hao kama mfano kwa sababu Uganda hapa ndo wana majina kadhaa, Sheraton Kampala (ile wazee wanaikumbuka kama Apolo Hotel), Four Points, Protea ya Kololo, Protea Skyz ya Naguru na Protea ya Entebbe. Ukivuka mpaka kuna Kigali Marriott, JW Marriott Nairobi, Four Points ya Dar na ile ya Arusha.

Ngazi zao ziko hivi: usiku 10 kwa mwaka unakuwa Silver, 25 Gold, 50 Platinum, 75 Titanium, na 100 Ambassador ila huyo wa mwisho lazima awe ametumia na dola 23,000 juu yake, kwa hiyo tumwache na maisha yake. Mwaka unahesabiwa Januari mpaka Desemba, tarehe moja mwezi wa kwanza unarudi sifuri. Ukishaipata hadhi inakaa mwaka huo uliobaki, mwaka mzima unaofuata, na inakufa mwisho wa Februari ya mwaka wa tatu. Hapa kuna kitu watu hawakioni: aliyefika 50 mwezi wa sita anakula hadhi miezi ishirini, aliyejikokota akafika 50 tarehe 29 Desemba anakula miezi kumi na minne tu, na wote wamelala idadi ile ile. Yani yule anayekimbizana mwisho wa mwaka ndiye anayepata kidogo na ndiye anayelipa toka mfukoni.

Faida zenyewe. Silver ni salamu, usijisumbue. Gold unaongezewa pointi asilimia 25 juu ya zile za kawaida, unaweza kuomba kutoka saa nane mchana badala ya saa ya kawaida ya kutoka, na chumba kizuri kidogo kama kipo. Platinum ndo ngazi ambayo kweli inaanza kuonekana, pointi zinaongezeka asilimia 50, unakaa mpaka saa kumi jioni, unaingia launji, ule ukumbi wa kupumzikia wa wageni wenye hadhi, pale ambapo hoteli inayo, unaweza kupewa hata chumba chenye sebule, na hoteli nyingi wanakupa chai ya asubuhi au zawadi nyingine uchague. Kila jina la hoteli lina kanuni zake, Protea sio Sheraton na Sheraton sio JW, lazima usome.

Lakini neno kubwa kwenye karatasi yote hiyo ni "kama kipo". Kampala kukiwa na mkutano mkubwa hakipo. Mi nakumbuka hoteli moja, jina naliacha, nilifika usiku saa nne na hadhi yangu nimeishika kama kitambulisho, dada wa risepsheni akanitazama kwa huruma akasema ssebo leo tuna warsha tatu, nikalala chumba kinachotazama jenereta. Na wala hakukosea, kanuni zinamruhusu.

Na hiyo chai ya asubuhi tuisemee vizuri maana ndo watu wanaipigia hesabu sana. Ukiwa London au Dubai chai hotelini inaweza kuwa dola ishirini thelathini, mwenye Platinum anaokoa pesa ya kweli. Huku kwetu hoteli nyingi bei wanayokutajia tayari iko na chai ndani, mayai, matoke, katogo, vyote, sasa utakuwa unapewa bure kitu ulichokwisha kulipia. Kwa hiyo kabla hujaiwekea thamani faida yoyote jiulize, bila hadhi ningekosa? Kama jibu ni hapana andika sifuri.

Halafu kuna kitu cha kuumiza kidogo. Marekani mtu anachukua kadi ya benki ya bei kubwa na kadi yenyewe inampa Gold bila kulala hata usiku mmoja. Sisi hizo kadi benki zetu hazitupi. Kwa hiyo wewe umelala usiku 25 kati ya Entebbe na Kigali, yeye kajaza fomu, na mkifika mezani pamoja mko sawa. Ndo maana Gold imejaa watu na haishtui mtu.

Sasa turudi kwa tisa za shemeji. Tuseme chumba ni dola 120, mara tisa ni 1,080, tukihesabu dola kwa 3,600 ni shilingi 3,888,000. Karibu milioni nne kwa kulala kwenye mji ambao una kitanda chako na mke wako, ambaye ni dada yangu, kwa hiyo hata mimi nina maslahi hapa. Upande wa pili, tuseme mwaka ujao atalala usiku 40 na kila usiku Platinum inampa kitu cha dola kumi na tano juu ya kile Gold ingempa, hapo nimekuwa mkarimu, inakuja 600. Pointi za zile tisa zenyewe, dola moja pointi kumi, ni 10,800 na kidogo ya nyongeza ya Gold, mi pointi moja naihesabu nusu senti, tuseme dola sitini sabini. Bado yuko chini kwa dola mia nne, na hapo tumeamini kwamba hizo safari 40 zipo.

Na zipo? Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa tuliona watu wa miradi waliokuwa wanaishi kwenye mahoteli, leo Gulu kesho Nairobi, wakakaa nyumbani miezi na hadhi zao zinang'aa kwenye simu bila kazi. Hadhi inalipwa na safari za mwaka uliopita lakini inaliwa na safari za mwaka ujao, na mwaka ujao wa mtu wa miradi hakuna anayeujua mpaka mkataba usainiwe.

Lakini swali kubwa kuliko yote ni nani analipa. Kama ofisi inalipa hoteli moja kwa moja na ni ofisi ndo imechagua hoteli, wewe huna cha kuamua, weka namba yako ya uanachama wakati wa kubuku na uache usiku zijihesabu. Kama unapewa padiemu mkononi, yani pesa ya safari ya kila siku, hapo mambo yanageuka, na hapa Uganda tunajuana. Mtu anapewa tuseme dola 150 za malazi, analala gesti ya Ntinda kwa laki moja, inayobaki inakuwa mabati, ada, ng'ombe wa mama kijijini. Huyo akianza kutafuta hadhi, kila usiku anaolala kwenye hoteli ya madini anaichoma ile baki. Usiku 50 za namna hiyo ni nyumba ya vyumba viwili imefika lenta. Hiyo gharama haionekani kwenye risiti yoyote ndo maana watu hawaihesabu.

Na hesabu zenyewe zina mitego. Ukibuku kupitia Booking.com au Agoda kwa sababu ni rahisi dola kumi, usiku huo kwa kawaida hauhesabiki na pointi hupati. Warsha ambayo mwandaaji analipa bili moja ya watu wote mara nyingi vilevile, uliza mapema usije ukashangaa siku ya kutoka. Na kazi ikikupeleka Arua, Moroto, Kisoro, Kitgum, huko hakuna hoteli ya kuhesabia, mwezi mzima wa fildi ni sifuri kwenye akaunti. Mtu ambaye nusu ya safari zake ni za ndani ya nchi kufika 50 ni kama kujaza pipa lenye tundu.

Huko ndani ndani kuna hadhi nyingine kabisa. Mi Mbarara nina gesti moja naenda miaka mingi, mwenyewe ana namba yangu, nikipiga nikiwa bado Lyantonde nakuta chumba cha nyuma kisicho na kelele za barabara, maji ya moto yameshawekwa, na bei ni ile ya zamani ambayo wengine hawapewi. Hakuna anayenihesabia usiku na Februari haimhusu.

Kwa hiyo ni nani anafaa kuikimbilia? Mwenye safari nyingi za nje zinazolipwa na mtu mwingine, anayeweza kuchagua kati ya hoteli mbili za bei ile ile, huyo achague moja na abaki nayo, hata haiitwi kukimbia, ni kutembea tu kuelekea njia moja. Akiendelea miaka kumi na kufikisha usiku 600, na miaka kumi hiyo iwe ya Platinum, anapewa Platinum ya maisha yote, hapo sawa, hata akistaafu anayo. Anayekosa usiku mmoja au mbili mwisho wa mwaka na ana safari za Ulaya zimeshakatiwa tiketi, naye sitamkataza. Wengine wote wachukue uanachama kwa sababu ni bure, wapokee Gold ikija yenyewe, waendelee na maisha. Nyabo wa Nakasero hujamnunulia fungu la pili la nyanya zitakazooza ili akupe tunyanya tuwili.

Shemeji nikamwambia hivyo hivyo, na kwa kumtuliza nikamwonyesha kwamba pointi zake anaweza kuzitumia, ukilala usiku tano kwa pointi unalipia nne, ampeleke dada Entebbe wakapumzike, maana pointi zenyewe zikikaa miezi 24 bila kuguswa zinapotea. Akafurahi, wakaenda wiki ya pili ya Desemba, picha za ziwa zikajaa kwenye grupu ya familia.

Nilichosahau kumwambia ni kwamba usiku za pointi nazo zinahesabiwa. Tarehe 17 akanitumia picha ya skrini, 46, na chini yake ameandika: shemeji, zimebaki nne tu.

Sijamjibu.