Aigues-Mortes: mji wa Maji Mafu, mnara wake na chumvi yake

Mtu wa pwani akisikia maji mafu anajua kinachosemwa: ni zile siku ambazo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, limepita, bahari haijai sana wala haipwi sana. Kusini mwa Ufaransa upo mji mdogo ambao jina lake ni maneno hayohayo. Aigues-Mortes, jina lililotokana na Kioksitani, lugha ya kale ya upande huo wa nchi, maana yake ni Maji Mafu. Huko, hata hivyo, jina halihusu mwezi. Bahari ya Mediterania karibu haina kujaa na kupwa. Maji mafu ya huko ni maji yaliyotuama: vinamasi, mabwawa na wangwa wa Camargue, nchi tambarare ambako mto Rhône unaachia mchanga na tope lake kabla ya kuingia baharini.

Sisi tunaofanya kazi ya elimu katika makumbusho tumezoea kuulizwa, kila tunapoonyesha picha ya ngome, "Aliijenga nani?" Kwa Aigues-Mortes jibu ni wafalme, na vitabu vya wageni vinatosheka na jibu hilo. Mimi naona swali la pili lina uzito zaidi: nani alifungwa ndani ya kuta hizi, na nani alitoa jasho nje yake? Nitaanza na wafalme, kwa kuwa mawe ni yao, kisha niende kwa hao wengine.

Katika miaka ya 1240 Ufaransa ilikuwa ufalme mkubwa usio na bandari yake yenyewe kwenye Mediterania. Marseille ilikuwa upande wa watawala wa Provence, na Montpellier ilikuwa ya mfalme wa Aragon. Louis wa Tisa alikuwa amekusudia kwenda vita vya msalaba, wala hakutaka kuanza safari hiyo kwa kuomba njia kwenye bandari ya mtawala mwingine. Kipande cha pwani alichoweza kukipata kilikuwa hiki cha vinamasi, na chenyewe kilikuwa mali ya watawa Wabenedikti wa abasia ya Psalmody. Akapatana nao, akawapa ardhi mahali pengine, na mabadilishano yakakamilika mwaka 1248. Ili watu wakubali kuhamia kwenye mbu na homa, mwaka 1246 aliwapa wakazi hati ya kuwasamehe kodi nyingi.

Tarehe 25 Agosti 1248 mfalme aliondoka hapo akiwa na mkewe, Marguerite wa Provence, na jeshi lake. Meli nyingi zilikuwa za kukodi, kutoka Genoa na Marseille. Walipita Kupro, wakauteka mji wa Damietta huko Misri mwaka 1249, na mwaka uliofuata mfalme mwenyewe akatekwa, akaachiwa kwa fidia kubwa. Mwaka 1270 aliondoka tena kutoka mji huohuo, safari hii kuelekea Tunis, na huko ndiko maradhi yalikomkuta. Alifariki tarehe 25 Agosti, siku ileile ya mwezi aliyoondoka nayo miaka 22 nyuma. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1297. Sanamu yake, kazi ya mchongaji James Pradier, imesimama kwenye uwanja mkuu wa mji tangu mwaka 1849.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba Louis hakuziona kuta zinazoufanya mji huu ujulikane. Enzi zake ulikuwapo mnara mkubwa na nyumba, basi. Ni mwanawe, Philippe wa Tatu, aliyefunga mkataba mwaka 1272 na Guglielmo Boccanegra, mtu aliyewahi kuitawala Genoa kabla ya kuangushwa na kwenda uhamishoni. Boccanegra alifariki mwaka 1274, kazi ikasimama, na ukuta ukamalizika karibu na mwaka 1300 chini ya Philippe wa Nne. Mzunguko wake ni mita 1,634, karibu mstatili kamili, na bado haujakatika popote. Ndani yake mitaa imenyooka na kukatana kwa pembe za mraba, ushahidi kwamba mji ulichorwa kwanza ndipo ukajengwa. Kwa ngome ya umri huo, kubaki nzima kiasi hiki ni jambo la nadra sana. Sababu kubwa ni kwamba mji ulififia mapema, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kubomoa ukuta ili apanue mitaa.

Kufifia huko kumezaa dhana ambayo ningependa tuisahihishe. Utasikia kwamba zamani bahari ilifika mpaka ukutani, na baadaye ikajiondokea. Sivyo. Hata siku Louis alipopanda meli, bahari ya wazi ilikuwa mbali na mji. Vyombo vilipita kwenye mfereji na mabwawa ya chumvi hadi kwenye mlango wa bahari ambao hadi leo unatajwa kwa jina lake, Grau Louis. Kilichobadilika ni njia hiyo. Pwani isiyo na bamvua la kuisafisha hujaa mchanga upesi; mto unaleta, na hakuna maji ya nguvu ya kuuondoa. Wafalme walichimbua mifereji, mchanga ukarudi, wakachimbua tena. Mwaka 1481 Provence iliingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa pamoja na Marseille, bandari ya asili yenye kina. Tangu hapo nani angeendelea kutupa fedha kwenye tope? Mji ulipata siku chache za fahari mwezi Julai 1538, pale François wa Kwanza alipokutana hapo na mfalme mkuu Charles wa Tano, hasimu wake wa miaka mingi. Baada ya hapo ukalala.

Mnara haukulala. Mnara wa Constance ndio jengo la kale kuliko yote mjini, ulioanza kujengwa katika miaka ya 1240. Ni duara lenye kipenyo cha mita 22, na kuta zake chini zina unene wa mita 6. Juu kuna kinara chenye kizimba cha chuma ambamo moto uliwashwa kuongoza vyombo. Mahali palipojengwa kulinda bandari paligeuka, bila kubadilishwa jiwe, kuwa gereza. Mwanzoni mwa karne ya 14 walifungiwa humo Watempla, wanajeshi watawa ambao Philippe wa Nne alikuwa amewakamata nchi nzima.

Kisha ikaja zamu ya Waprotestanti. Mwaka 1685 Louis wa Kumi na Nne aliifuta Amri ya Nantes, ambayo kwa karibu karne nzima ilikuwa imewapa nafasi ya kuabudu. Mahekalu yao yakabomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa, na kukusanyika kwa sala kukawa kosa. Wanaume waliokamatwa walipelekwa kupiga makasia kwenye meli za kivita. Waliofungwa mnarani nao hawakukata tamaa wote: mwaka 1705 Abraham Mazel, kiongozi wa waasi wa milima ya Cévennes, alilegeza jiwe la dirisha, akateremka kwa kamba ya mashuka pamoja na wenzake 16. Baadaye mnara ukawa gereza la wanawake.

Miongoni mwao alikuwa Marie Durand. Alizaliwa mwaka 1711 kijijini Pranles, upande wa Vivarais. Hakuwa mhubiri wala hakubeba silaha. Kosa lake kubwa lilikuwa kuwa dada wa Pierre Durand, mchungaji aliyekuwa akitafutwa na serikali. Baba yao alikwisha kukamatwa kabla yake. Mwaka 1730, akiwa na miaka 19, Marie akaingizwa mnarani. Miaka miwili baadaye Pierre alinyongwa Montpellier. Marie alitoka mwaka 1768. Ni miaka 38. Naomba msomaji asimame kidogo hapo: msichana aliingia, akatoka mwanamke wa makamo aliyedhoofika, na katika miaka yote hiyo mlango ungefunguliwa kwa sharti moja tu, akubali kuikana imani yake.

Chumba cha juu walimoishi ni cha mawe, madirisha ni nyufa nyembamba, na wakati wa baridi upepo wa kaskazini hupenya humo. Marie alijua kuandika, wengi wa wenzake hawakujua. Akawa mwandishi wao. Barua zake zilizobaki zinaomba nguo, fedha na dawa kutoka kwa makanisa ya Waprotestanti, hata yale ya Uholanzi, zinashukuru kwa kilichofika, na zinamshauri mpwa wake Anne kama mama anavyomshauri binti. Katikati ya sakafu kuna tundu lililozungushiwa jiwe kama ukingo wa kisima, na juu ya jiwe hilo limechongwa neno moja: RÉSISTER. Mapokeo yanasema aliyelichonga ni Marie, ingawa mchongaji hakuweka jina. Kulitafsiri si rahisi. "Kupinga" linaelekea kwenye vurugu, "kuvumilia" linaelekea kwenye kunyamaza. Nadhani lililo karibu zaidi ni kutokubali. Aliyelichonga hakumwandikia mfalme wala mlinzi. Aliliweka pale ambapo wafungwa wenyewe wangelipitia kila siku.

Tukitoka nje ya ukuta upande wa kusini tunaingia kwenye mashamba ya chumvi, na hapa ndipo mji ulipopata riziki bandari iliposhindwa. Chumvi ya Peccais, karibu na mji, ilikuwa ikivunwa tangu kabla ya ngome, ikipandishwa mto Rhône kwa mashua. Wafalme waliipenda kuliko bandari, maana waliitoza kodi nzito iliyochukiwa mno na wananchi, hadi mapinduzi yalipoifuta mwaka 1790. Mwaka 1856 mashamba mengi yaliunganishwa chini ya kampuni moja, na uvunaji ukawa wa kiwanda.

Kazi yenyewe msomaji wa Gongoni au Bagamoyo ataitambua. Maji ya bahari huingizwa kuanzia majira ya kuchipua, yakapitishwa bwawa hadi bwawa huku jua na upepo vikiyapunguza, mpaka yafikie mahali ambapo hayawezi tena kubeba chumvi yake. Mwisho wa kiangazi tabaka jeupe hukwanguliwa na kulundikwa kuwa vilima virefu. Kabla ya hapo maji hugeuka waridi. Rangi hiyo ni ya kiumbe hai, mwani mdogo sana uitwao Dunaliella salina, ambao ukizidiwa na chumvi na jua hujikinga kwa kutengeneza rangi ya jamii ileile iliyomo kwenye karoti. Vijidudu vya maji chumvi hula mwani huo, na heroe hula vijidudu, ndipo nao wanapata uwaridi wao. Heroe hao wakubwa wa Camargue ni wa aina ileile inayoonekana kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa.

Mashamba hayo yana siku mbili ambazo vitabu vya wageni huzipita haraka. Agosti 1893 kampuni ilihitaji vibarua wa kuvuna na kubeba chumvi kwa mikokoteni ya mkono. Walikuja Wafaransa wasio na kazi na Waitaliano, wengi kutoka Piemonte, wakawekwa vikosi vya pamoja na kulipwa kwa kipimo cha chumvi. Anayelipwa kwa kipimo humwona mwenzake mzito kama mwizi wa mkate wake. Tarehe 16 ugomvi ukazuka, na uvumi ukakimbia mjini kwamba Waitaliano wameua wenyeji. Ulikuwa uongo. Umati ukawawinda Waitaliano mitaani. Wengine walijifungia katika duka la mkate. Kesho yake askari waliojaribu kuwasindikiza vibarua hao kutoka shambani walizidiwa, na watu wakauawa kwa marungu na mawe karibu na kuta zilezile za kulinda mji.

Serikali ilihesabu waliouawa kuwa 8. Wapo wanaoamini walikuwa zaidi, kwa kuwa wengi walikimbilia kwenye vinamasi. Majeruhi walikuwa makumi. Italia ilichafuka, ubalozi wa Ufaransa mjini Roma ukashambuliwa, na nchi mbili zikakaribia kugombana vibaya. Desemba mwaka huohuo kesi ilisikilizwa Angoulême, mbali na mji, na washtakiwa wote wakaachiwa huru. Mambo ya fedha yalimalizwa baina ya serikali kwa fidia.

Ukifika Aigues-Mortes, kanisa la Notre-Dame-des-Sablons halihitaji muda mrefu, ila tazama vioo vya madirisha alivyovibuni Claude Viallat mwaka 1991. Rangi zake kali zinapendeza kwenye mawe yale makavu. Mwezi Oktoba wenyeji husimamisha majukwaa ya mbao chini ya ukuta kutazama michezo ya ng'ombe dume wa Camargue, na nafasi za majukwaa hayo hurithiwa katika familia. Muda wako mwingi uutunze kwa ajili ya mnara. Anza chumba cha juu, ulisome lile neno. Kisha panda hadi kwenye kinara ugeukie kusini: utaona mabwawa ya waridi, vilima vya chumvi, uwanda ambako vibarua walikimbizwa, na mfereji ulionyooka kilomita 6 hivi hadi Le Grau-du-Roi, ambako bahari inaanza.